Tupeane uzoefu: wewe unayelea mtoto wa ndugu mlevi au teja, una karatasi yoyote mkononi?

Shangazi wa Kitangari
Wadau wa kusini habari za sa hizi. Naomba uzi huu uwe wa sisi tunaolea watoto wa ndugu zetu waliozidiwa na pombe au unga. Mie nina wawili wa kaka yangu mdogo, mama yao alirudi kwao Msumbiji hajaonekana tena, na baba ndo huyo, nipa (ile gongo ya mabibo) asubuhi nipa usiku, mabibo yakianza kudondoka ndo basi hata kazi hafanyi, korosho nyingine anaziuza kangomba, yaani kwa walanguzi, bado ziko mtini. Nilienda kuwachukua baada ya jirani kunipigia kwamba mdogo analala barazani kwa watu. Hakuna aliyenizuia, mwenyewe alisema "wachukue tu dada". Mwenyekiti wa kitongoji anajua, mwalimu anajua, ukoo wote unajua.

Shida inakuja malipo ya mnada wa korosho yakiingia. Anatulia kidogo, ananyoa, anakuja na soda na biskuti anataka wanawe, na watoto wanamfuata mbio maana ni baba yao wanampenda. Wanarudi na mapunye, madaftari hamna, mkubwa karuka mitihani. Nikisema kitu naambiwa we ni nani, mzazi ni yeye. Na kimila nako sina pa kushika, sisi Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, shangazi ni mpishi tu wa shughuli. Sasa naulizia, mahakama inaweza kumvua mtu uzazi kabisa? Na je, mimi nataka hivyo? Maana huyu ni mdogo wangu nimembeba mgongoni. Waliopitia tupeane uzoefu, matusi kwa walevi sitaki humu.

Mjomba Ndanda
Pole sana dada. Kwetu ilikuwa kinyume, mlevi ni dada yetu. Wajomba tulikaa kikao, tukaamua watoto watatu waje kwangu, mume wake akakubali kwa mdomo, yakaisha. Kumbe shemeji kaenda kufungua kesi ya talaka na anawataka watoto wote. Sisi tukajipa moyo kwamba wa mwisho lazima abaki na mama, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni bora akae na mama yake. Ni kweli inasema hivyo, lakini tulichokuwa hatujui ni kwamba hiyo inapingika, ukileta ushahidi kwamba kwa mama hapafai, hakimu anaangalia maslahi ya mtoto. Ustawi wa jamii wakaandika ripoti, majirani wakasema waliyoyaona, watoto wote wakaenda kwa baba na dada akapewa haki ya kuwaona. Wazee kijijini waliumia sana, wanasema serikali imeingia ndani ya ukoo. Mie kwa kweli siwezi kusema hakimu alikosea, watoto wanasoma, wananenepa. Kinachoniuma ni kwamba kile kikao chetu cha usiku mzima kule mahakamani hakikuwa hata kwenye karatasi, kila mzee anakumbuka lake.

mkorosho_dume
Karatasi za nini jamani, ukoo upo, msitufanye kama mjini. Mkamateni huyo kaka mumpe vibao.

Dada wa Mikindani
@mkorosho_dume vibao vingekuwa dawa wengine tungepona siku ya kwanza, nimevila vya kutosha.

Naandika mie nikiwa upande wa pili wa huu uzi. Nilikuwa mnywaji, nina watoto, na kuna mtu alienda kunisemea ustawi, mpaka leo simjui na wala simchukii. Nilivyopata wito nilijua wanakuja kubeba watoto, nikawaficha kwa mama mkubwa. Afisa alivyokuja akanieleza kuna amri ya usimamizi, yaani watoto wanabaki nyumbani kwangu ila mahakama inampa afisa mamlaka ya kuja kuangalia, na mwisho wake ni mwaka mmoja. Ndo nilichopata. Alikuwa anatokea muda wowote, anafungua sufuria, anaangalia sare, anaongea na mkubwa pembeni. Fedheha ilikuwepo, majirani wanachungulia, lakini ilinipa sababu ya kusema hapana, nikiitwa kwenye kilabu nawaambia "serikali inakuja kwangu leo" hata kama haiji. Sikupona kwa mkupuo, nilirudi kunywa katikati hapo, na afisa alijua, hakukimbilia kuwachukua, aliongea na mama mkubwa awe analala pale kwangu. Nawaomba mnaposema kumvua mtu uzazi muulize kwanza kama kuna aliyejaribu hii ndogo.

Shangazi wa Kitangari
Dada wa Mikindani umeniliza asubuhi yote hii. Asante. Mimi sikujua kabisa kama kuna kitu cha katikati.

Msaidizi wa Sheria Lindi
Nikujibu swali lako dada Shangazi, mie ni msaidizi wa sheria. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na wa kuamua vingine ni mahakama, pale inapoonekana akibaki ataumia. Kifungu cha 16 kinataja mtoto anayehitaji ulinzi, na ulevi wa mzazi umetajwa humo kwa jina, sio kitu cha kukisia. Juu ya ile amri ya usimamizi kuna amri ya matunzo: mtoto anaondolewa, majukumu ya uzazi yanahamia kwa afisa ustawi, anaweza kuwekwa kwa ndugu. Hiyo nayo ina mwisho, miaka mitatu au mtoto akifika 18, chochote kitakachotangulia. Kwa hiyo hapo mzazi hajavuliwa, amesimamishwa tu. Kinachokata uzi moja kwa moja ni kuasili, ambako shauri lake ni la Mahakama Kuu, mtoto anakuwa wa mtu mwingine kisheria. Mzazi anatakiwa aridhie, ila mahakama inaweza kuendelea bila ridhaa yake kama alimtelekeza au kumtesa mtoto.

Kingine watu hawakijui, anayeomba amri ya matunzo ni afisa ustawi, sio shangazi. Kazi yako wewe ni kutoa taarifa kijijini au halmashauri, na kifungu cha 95 kinasema huo ni wajibu wa mwanajamii yeyote, kwahiyo usiogope kuitwa mbeya. Kama ni usiku na mtoto yuko hatarini piga 116, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Nachi Boy
Naongezea hapo kwenye kukata uzi. Binamu yangu yuko Marekani anafanya kazi na familia za hivi, anasema kule kuna sheria ya mwaka 1997, mtoto akikaa kwa walezi wa serikali miezi 15 kati ya 22 ya mwisho, jimbo linatakiwa kufungua shauri la kumvua mzazi haki zake zote. Sasa mtu wa unga miezi 15 ni nini jamani, wengine ndo kwanza wanatoka arosto, yale maumivu ya kuacha. Halafu akaniambia kitu kilichonishangaza, mtoto akiwa analelewa na ndugu, jimbo linaruhusiwa kutofungua hilo shauri. Yaani hata huko kwenye saa ya ukutani wameona shangazi ni kitu kingine.

Kijana wa Kivinje
Mie nimelelewa na bibi, nadhani niongee kama mtoto maana hapa mnaongea watu wazima tu. Baba alienda Dar akaingia kwenye unga, akarudi Kilwa teja kamili. Mama alifariki mapema. Bibi hakuwa na karatasi yoyote, na sio kwamba alidharau, hakujua. Mnajua hiyo karatasi niliikosa wapi? Sio kwenye mapenzi. Ni kwenye vitu vidogo vidogo, cheti cha kuzaliwa kilikuwa kwa baba akakipoteza, nikitakiwa fomu isainiwe na mzazi au mlezi bibi anaambiwa alete uthibitisho kwamba ni mlezi, siku nimevunjika mkono hospitali wananiuliza nani mwenye huyu mtoto. Bibi wa watu anazunguka na kanga yake kutafuta mtendaji.

Na baba sikutaka avuliwe chochote. Aliponikuta njiani akiwa mzima ananiuliza hesabu, alikuwa fundi kwenye hesabu yule mzee. Nilichotaka ni mtu wa kumzuia asije usiku na wenzie kubeba redio na kuku wa bibi. Hilo tu. Watu wanadhani mtoto wa teja anamchukia baba yake, hapana, anamwogopa akiwa na hali ile halafu kesho anamtafuta. Muwe mnawauliza hao watoto, siku hizi nasikia hata mahakama ya watoto inawasikiliza na kesi inaendeshwa faragha, watu hawajai ukumbini.

mkorosho_dume
Kijana umenigusa. Ila bado nasema mahakama inatisha, nauli tu ya kwenda na kurudi ni kilo ngapi za korosho.

Shangazi wa Kitangari
Mkorosho kwenye nauli nakuunga mkono, hapo hata mimi ndo palikuwa pananikwamisha. Nilienda ofisi moja hapa nyuma nikaambiwa njoo wiki ijayo, njoo wiki ijayo, mpaka nikachoka na msimu ukafika. Sitaji ofisi. Sasa nimeshaelewa, sitaki kuasili, mimi ni shangazi natosha. Nataka kuanza na ile ya usimamizi, au kama hawaoni pa kumsimamia basi ya matunzo watoto wawekwe kwangu na baba apangiwe siku za kuwaona akiwa mkavu. Nimeongea na mwalimu mkuu, kakubali kuandika mahudhurio, na ukiangalia mwaka mzima tarehe za kukosa zinaangukia miezi ile ile, Oktoba mpaka Desemba, ushahidi umejiandika wenyewe. Nani anajua kingine cha kubeba?

Msaidizi wa Sheria Lindi
Barua ya mwenyekiti au mtendaji, kadi za kliniki, karatasi za zahanati kama waliwahi kutibiwa wakitoka kwake, majina ya majirani walio tayari kuongea. Kaka yako naye mwambie kabla, asikie kwako na sio kwa mgambo. Na ndugu za mama wa Msumbiji kama kuna mjomba anayepatikana hata kwa simu, mtaje kwa afisa, usimfiche kwa kuhofia mila. Atakuja kujitokeza siku ambayo hutaki.

Mama Mlezi Ruangwa
Nimechelewa kuuona uzi. Mie ni mlezi wa kuaminika, ustawi walinipa semina na huwa wananiletea watoto wa dharura wakati mipango ya ndugu inafanyika. Niwaambie kitu kimoja kwenye hizi za wazazi wa pombe. Mama akija kumwona mwanae nampokea getini, nikisikia harufu namwambia leo hapana mama, kesho njoo, na mtoto namwambia ukweli kwamba mama alikuja ila hakuwa vizuri. Mwanzo nilikuwa naambiwa nimdanganye mtoto kwamba mama yuko safari. Siwezi, mtoto wa mlevi anajua harufu kuliko mimi. Dada Shangazi, hizo siku za kumwona baba omba ziandikwe kabisa, saa na mahali, na mahali pasiwe kwako. Kwangu wanaonana ofisi ya kijiji, akifika amelewa anarudishwa na mtendaji, mimi silumbani na mtu.

Shangazi wa Kitangari
Ofisi ya kijiji kwetu iko mita chache kutoka kilabuni mama 😂 itabidi niombe shuleni.