Laki nane kasoro 588

*Kikundi: Ukoo wa Bibi*
*Jumamosi, 28 Februari*

Mjomba Salim: Asalaam aleikum nyote. Hela zimefika Thailand kutoka Uingereza! Zimeingia juzi Alhamisi, leo nimepita mashine ya benki kuchapisha kitabu cha akaunti. [picha]

Mama Mkubwa: Waaleikum salaam. Alhamdulillahi Salim. Sasa utapata usingizi, na sisi tutapumzika na sauti zako za usiku wa manane

Rehema: Shikamoo mjomba, shikamoo mama mkubwa. Hongera mjomba 🎉 Hua Hin sasa kwako

Mjomba Salim: Marahaba mwanangu. Bado viza ya kustaafu ya Thailand yenyewe, lakini kazi ngumu imekwisha.

Idi: Shikamooni. Mjomba hebu nikuulize, ule mstari wa mwisho kwenye kitabu unasomeka ngapi? Picha imepigwa na mwanga

Mjomba Salim: Baht 799,412 na senti zake.

Idi: Ndicho nilichoogopa

Mjomba Salim: Si laki nane hiyo, Idi? Nani atagombana na mtu kwa baht mia tano na themanini?

Idi: Uhamiaji mjomba, wao kwa viza hiyo wanataka baht 800,000 kamili benki. Pale hakuna "karibu". Mwaka jana nilimsindikiza mwalimu mwenzangu hapa Chiang Mai, mzee wa miaka 63. Afisa aliweka rula juu ya kitabu cha benki, akateremka nayo mstari kwa mstari. Mstari mmoja ulikuwa chini ya 800,000 kwa siku nne tu. Akafunga kitabu, akamrudishia, akamwita anayefuata. Hata hasira hakuwa nayo

Mama Mkubwa: Yaa Rabi

Mjomba Salim: Lakini mimi nilituma zaidi! Nilipiga hesabu kwa kiwango cha siku ile, ikaja laki nane na mia tisa. Na ada ya kutuma nikalipa mkononi.

Rehema: Mjomba, ulipojaza fomu palikuwa na sehemu ya nani analipa gharama, inaandikwa OUR, SHA au BEN. Ulichagua ipi?

Mjomba Salim: SHA. Yule binti wa kaunta alisema ndiyo watu wote wanachagua.

Rehema: Basi hapo ndipo zilipokatika. SHA maana yake mnagawana: wewe unalipa benki yako, na huko mbele kila benki inajikatia humo humo kwenye hela. Pesa ya SWIFT, ule mtandao wa benki wa kutumiana hela nje, mara nyingi hairuki moja kwa moja, inapita benki ya katikati ambayo wewe huijui wala haikujui, nayo inachukua chake. Ikifika Thailand, benki inayopokea nayo inakata, nyingi ni robo asilimia lakini haizidi baht 500. Na kiwango nacho hakikukusubiri. Ungechagua OUR gharama za njiani zote zingekuwa juu yako huku, na bado ningekwambia uongeze juu

Mjomba Salim: Mbona mtu haambiwi haya?

Rehema: Yapo, yameandikwa kwa maandishi ya sisimizi nyuma ya fomu. Ila jambo moja ulifanya sawa, ulituma pauni zikabadilishwa kule kule. Ungebadilisha kuwa baht kabla ya kutuma ungepunjwa zaidi ya hapo

Mama Mkubwa: Mnaongea sana. Mia tano themanini na nane aongeze, mambo yaishe

Idi: Ndiyo mama mkubwa, ila aongeze LEO. Mjomba, muhuri wa kuingilia unasema ruhusa inaisha lini?

Mjomba Salim: 2 Mei. Kwani kuna haraka gani, ni miezi miwili mbele!

Idi: Hiyo miezi miwili ndiyo yenyewe. Umepewa siku 90. Kuomba kuongezewa mwaka, laki nane ziwe zimekaa kwenye akaunti miezi miwili kamili kabla ya siku unayopeleka maombi. Yaani katika zile siku 90, za kufungua akaunti na kuleta hela ni kama 30 tu. Wewe leo uko siku ya 27

Idi: Ukiweka leo, miezi miwili inatimia 28 Aprili. Mimi ningekwenda tarehe 29, isije mtu akakuhesabia siku 60. Tarehe 2 Mei ni Jumamosi, ofisi imefungwa. Tarehe 1 benki zimefunga, sikukuu ya wafanyakazi, na ile barua ya benki ya kuthibitisha salio wanataka iwe mbichi, ya siku hiyo hiyo au ya jana yake. Kwa hiyo una tarehe 29 na 30. Basi

Rehema: 😳

Mjomba Salim: Na Jumatatu nikienda benki kwa utulivu?

Idi: Jumatatu ni tarehe 2 Machi. Miezi miwili inaangukia 2 Mei. Ofisi imefungwa

Mama Mkubwa: Salim vaa viatu

Mjomba Salim: Benki Jumamosi jioni hii? Huku ni saa kumi na moja na nusu.

Idi: Usiende kaunta. Pale ulipochapishia kitabu, pembeni lazima kuna mashine ya kuweka pesa. Inakula noti za 100, 500 na 1,000. Usiweke 588, weka elfu tano

Mjomba Salim: Elfu tano za nini tena?

Idi: Ulichukua kadi ya benki?

Mjomba Salim: Nilichukua. Walinisisitiza.

Idi: Ina ada ya mwaka, wanaikata wenyewe bila kukuuliza. Wako wazee waliweka laki nane kavu, kadi ikakata mia mbili na ushee, wakaanza kuhesabu upya

Mjomba Salim: Natoka.

Mama Mkubwa: Idi baba, kwani lazima alaze hela zote hizo? Si apeleke pensheni yake ya kila mwezi tu

Idi: Njia hiyo ipo mama mkubwa, baht 65,000 kila mwezi. Zamani ubalozi wa Uingereza ulikuwa unatoa barua kuthibitisha mapato, mtu anaipeleka uhamiaji, kwisha. Tangu mwanzo wa 2019 hawatoi tena, Marekani na Australia vilevile. Sasa unaonyesha hela ikiingia kutoka nje mwezi baada ya mwezi. Mgeni wa siku 27 ataonyesha nini?

Mama Mkubwa: Na hiyo akaunti waandike na jina la mkewe. Uhai wa mtu haushikiki

Idi: Hapo hapana. Iwe jina lake peke yake, akaunti ya wawili inamletea maswali. Shangazi Asha ataombewa kama mke, kwa cheti cha ndoa kilichotafsiriwa, hahitaji laki nane zake. La uhai aandike wasia

Mama Mkubwa: Wasia anaukwepa tangu 1998. Rehema mkumbushe, mimi akiniona na kalamu anakimbia

Rehema: 😂 Nitamkumbusha. Mimi nina langu la kodi. Tangu 1 Januari 2024, anayekaa Thailand siku 180 au zaidi kwa mwaka anahesabiwa mkazi wa kodi, na mapato ya nje anayoyaingiza yanaweza kutozwa. Akiba iliyopatikana kabla ya 2024 haimo. Mjomba akirudi achapishe taarifa ya akaunti yake ya Uingereza inayoonyesha salio la 31 Desemba 2023 aiweke kwenye faili. Siku akiulizwa atafute ataikosa

Mama Mkubwa: Na akishapata hiyo viza, hela zinafunguliwa?

Idi: Zinakaa vilevile miezi mitatu. Baada ya hapo anaweza kutumia, ila zisishuke chini ya laki nne, na miezi miwili kabla ya ombi la mwaka unaofuata ziwe laki nane tena. Ndiyo sharti tangu 2019. Wengi wanaona bora waziache tu zilale, watumie pensheni

Rehema: Mbona kimya huko? Dakika arobaini sasa

Mama Mkubwa: Salim

Mama Mkubwa: Salim jibu

Mjomba Salim: Nipo. Mashine ilikataa noti moja mara tatu, ilikuwa na kikunjo kwenye kona. Nyuma yangu foleni, najisikia joto la masikio. Kijana mmoja akaichukua, akainyoosha kwenye paja la suruali, akaniingizia, ikapita.

Mjomba Salim: [picha]

Idi: 804,412. Tarehe 28 imeandikwa. Sawa sawa mjomba 👏

Rehema: Alhamdulillah!

Mama Mkubwa: Kadi iko wapi?

Mjomba Salim: Mfukoni.

Mama Mkubwa: Mpe Asha.