Nairobi School pale Waiyaki Way: hilo jengo lilijengewa nani?

mkaaji_kangemi: Wadau, juzi tulimpeleka mtoto wa sista kuanza Nairobi School nikabaki nashangaa zile nguzo na veranda, nikadhani niko ikulu. Guka, yaani babu yangu, alikuwa anatuambia enzi zake Mwafrika aliingia pale kupika ama kufyeka nyasi tu, kusoma hapana. Ni kweli ama ni stori za wazee?

babu_wa_ngara: Guka wako hakukudanganya. Ilifunguliwa 1931 ikiitwa Prince of Wales School, ya vijana wa kizungu. Na hiyo ya ikulu hujakosea, aliyechora ni Herbert Baker, huyohuyo aliyechora State House yetu na Union Buildings kule Pretoria, kwa hivyo serikali ilikuwa inajenga ikijua inaonyesha nani ni bosi. Wahindi walikuwa na yao huku Ngara, Duke of Gloucester, leo ni Jamhuri. Mwafrika akitaka sekondari alikuwa anaombea Alliance kule Kikuyu, ilianzishwa na makanisa ya Kiprotestanti 1926. Duke of York nayo ilikuja 1949, hiyo sasa ndio Lenana, na bado ilikuwa ya wazungu.

mwalimu_mstaafu: Jengo ni kitu kidogo, angalieni mtihani. Kuanzia 1942 mtoto wa mzungu alilazimishwa na sheria kusoma, lakini wetu alichujwa darasa la nne, akipona anangojwa na KAPE, mtihani wa Waafrika wa kuingia sekondari, darasa la nane, na hapo ndio wengi walirudi shambani, si kwa ujinga, ni nafasi hazikuwepo.

kijana_wa_patch: Mi nimesoma hapo na sioni haja ya kulaumu mawe, wacheni kutuharibia Patch, ndivyo tunavyoiita shule yetu 😂 baada ya uhuru si waliingiza kila mtu?

mwalimu_mstaafu: Kila mtu mwenye karo, kijana wangu. Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ilitaka ubaguzi wa rangi uishe mashuleni na ukaisha, lakini shule zilizokuwa za wazungu zilibaki na ada ya juu, kwa hivyo mtoto wa waziri aliingia na wa mpishi akabaki nje ya geti vilevile.

mkaaji_kangemi: Eish. Sasa nataka kumpeleka guka aingie hadi ndani, wanaruhusu?

kijana_wa_patch: Siku ya wazazi mpeleke tu. Avae suti, soja asimsumbue.