Tupeane uzoefu: sumaku haina alama, N (ncha ya kaskazini) unaijuaje?

fundi_koili
Wakuu, nimeona picha ya rota (sehemu inayozunguka) ya jenereta ya upepo, resini ya kugandisha sumaku imeshamwagwa, kumbe sumaku moja imegeuzwa. Sumaku 12, koili (mizunguko ya waya) 9: nyuso lazima zipishane N, S (kusini), N, S. Ukigeuza moja, zinakuwa tatu mfululizo zenye uso mmoja, volti zinashuka, na kwa macho huoni kitu. Kabla ya gundi, chukua sumaku ya kupimia, tia alama uso mmoja, uelekeze chini, uipitishe juu ya zote bila kuigeuza. Inavutwa, inasukumwa, inavutwa. Mpangilio ukikatika, mchawi yuko hapo. Ishike kwa nguvu.

kaskazi
Umenena. Resini ikikauka huibandui bila kuivunja.

mzee_wa_dira
Hiyo inaonyesha kupishana tu, haisemi ipi ni N. Sumaku ya fimbo, ifunge uzi wa pamba katikati, ining'inie mlalo, mbali na nondo na meza ya chuma. Ikitulia, ncha iliyoelekea kaskazini ndiyo N. Kwa dira: ncha ya sindano inayoonyesha kaskazini huvutwa na S ya sumaku yako.

tumbili_mjini
Kinyume! Inavutwa na N, ndiyo maana inaenda kaskazini.

mzee_wa_dira
Taratibu mkuu. Sindano yenyewe ni sumaku na ncha hiyo ni N, zinazofanana hufukuzana. Kule Aktiki, kifizikia, kuna S. Mpelelezi Mwingereza James Clark Ross alipofika huko mwaka 1831, sindano yake ya kupimia mwinamo ilisimama karibu wima kabisa, N ikitazama chini.

tumbili_mjini
Kwa hiyo ramani zote zimekosea?

kaskazi
Ramani inataja mahali tu, usitupeleke mbali. Ila dira iliyosawazishwa kwa Ulaya huku kwetu inakwaruza: Kenya na Tanzania ziko kusini mwa ikweta ya sumaku (mstari ambako sindano hukaa mlalo), ncha ya kusini ya sindano inainama. Inamisha dira kidogo mpaka sindano iwe huru.

nondo12
Dira mnabishania, vidole vyenu je? Kazi iko kwenye kukutanisha sahani mbili za rota. N ya huku itazame S ya kule. Zikisukumana, zungusha sahani nafasi moja ya sumaku. Halafu usishushe kwa mikono! Toboa sahani ya juu matundu matatu yenye nyuzi za boliti, pitisha boliti ndefu za M10 (unene milimita 10), sahani ya juu ikae juu ya boliti, kisha legeza kila moja nusu mzunguko kwa zamu. Ukikazania upande mmoja sahani inainama, inadakwa, neodimiamu (zile sumaku kali) inapasuka kama kigae, na kidole kilichokuwa katikati hakitoki bila watu wawili.

kaskazi
Mimi ningeweka kabari za mbao.

nondo12
Utazichomoaje?

fundi_koili
Turudi kwenye mada. Sumaku ya spika: N na S ziko kwenye nyuso bapa, si pembeni. Ikivunjika, ukirudisha vipande mahali pake vinasukumana. Haijaharibika. Banika kwenye jiliwa, tia epoksi. Na usichomelee karibu na neodimiamu; za kawaida zinaanza kudhoofika zikipita nyuzi 80 za Selsiasi.

tumbili_mjini
Yenye doti nyekundu ni N, basi.

mzee_wa_dira
Wengine wanaitia kwenye S. Pima mwenyewe, dira ikae mbali kidogo. Ukiibandika kwenye neodimiamu, sindano inaweza kugeuka ncha na kukudanganya tangu siku hiyo. Kisha tia alama kwa rangi ya kucha.

kaskazi
Nunua yako. Ya mke usiguse.