Kanimwagia maji kwenye kompyuta, eti aliyeamua ni ubongo, siyo yeye!

Wakuu, salamu nitaleta kesho, leo sina.

Yule jamaa mnamjua, msinilazimishe kumtaja. Yule ambaye kila sentensi yake inaanza na "kisaikolojia", hata ukimuuliza saa. Huyo huyo.

Sasa hivi, hata meza haijakauka, kaangusha glasi ya maji juu ya kompyuta yangu. Glasi moja, lakini yalivyotapakaa ungedhani samaki wanahamia. Ndani kuna kazi yangu ya miezi mitatu. Mashine imetoa kilio kimoja chembamba, ikazima. Namgeukia nikisubiri "samahani", hata ile ya uongo ningeipokea. Kanyoosha kiganja hewani kama askari wa trafiki: "Tulia. Kisaikolojia, ubongo ulishaamua kabla yangu."

UBONGO. ULISHAAMUA. KABLA YAKE.

Yaani yeye na ubongo wake ni majirani, wanasalimiana tu asubuhi! Halafu akaanza darasa: mwaka 1983 mtafiti wa ubongo, Benjamin Libet, alipima watu, akakuta umeme wa ubongo unaanza kama nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, na mtu anakuja kujihisi ametaka kuusogeza ikiwa imebaki kama moja ya tano ya sekunde. Maji yanadondoka sakafuni, mimi nahadithiwa umeme. Na kiganja bado kiko hewani!

Wiki iliyopita nilichelewa kikao dakika kumi, mvua ilikuwa ya kubomoa mapaa. Akasema nini mbele ya watu? "Wewe ni mzembe, ndiyo hulka yako." Mimi mvua haihesabiki, ni hulka. Yeye glasi, ni ubongo. Kwenye siasa ndiyo usiseme: chama chake kikishinda ni uongozi thabiti, kikishindwa wapiga kura hawana akili. Na yule mheshimiwa wake aliyesema "makosa yalifanyika", kana kwamba makosa huamka usiku yakajifanya yenyewe watu wamelala, alimpigia makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Kimojawapo ndicho hicho alichoninyooshea leo.

Ubongo ulishaamua! Wangu nao umeshaamua jambo kuhusu shingo yake. Nawasilisha.

Kichwa_Ngumu: Nani alimkaribisha na glasi mezani? Kisaikolojia, ubongo wako ulishaamua.

Bi_Mkubwa: Pole mwanangu. Ila kazi ya miezi mitatu bila nakala, hiyo nayo tumuulize nani?

Mleta uzi: Shikamoo bi mkubwa. Nakala ipo. Ya mwezi wa kwanza. Tusihame kwenye mada.

Bi_Mkubwa: Marahaba. Hatujahama.

Nusu_Mwerevu: Mkuu, mrudishie hii. Libet mwenyewe alisema mtu bado ana upenyo wa kulizuia tendo hata umeme ukishaanza. Na watu wake waliambiwa tu wakunje kidole au kifundo cha mkono wakijisikia, hakuna aliyetumwa kumwagia mtu maji. Hiyo ya mvua na hulka ndiyo ile ambayo mwanasaikolojia Lee Ross aliipa jina mwaka 1977: tunamsoma mwenzetu kwa tabia, mazingira aliyomo hatuyaoni.

Siti_ya_Mbele: Basi na mleta uzi asimseme jamaa, hajui glasi ilikuwa kwenye mazingira gani. Labda meza imeinama.

Mleta uzi: MEZA HAIJAINAMA! Kiganja hewani, mkuu! Hewani!

Siti_ya_Mbele: Kwa hiyo tatizo ni maji au ni kiganja?

Mleta uzi: Kiganja.

Mzee_wa_Kura: Msiwachanganye wanasiasa wote. Rais Kennedy wa Marekani alipofeli kuivamia Cuba pale Ghuba ya Nguruwe mwaka 1961 alisimama akasema mwenye dhamana ni yeye, na kura ya maoni ya Gallup ikampandisha hadi asilimia 83. Kukubali kosa hakuui.

Kichwa_Ngumu: Kwa hiyo jamaa akisema "ni mimi" tumpe nchi? Yupo njiani na glasi nyingine.

Mchovu_Daima: Afadhali huyo wako, mleta uzi. Bosi wangu mambo yakienda vizuri anaandika "nilifanikisha". Yakiharibika, "sisi kama timu tujitathmini". Juzi kaharibu peke yake, usiku, ofisi imefungwa. Asubuhi tukajitathmini watu kumi na wawili.

Gia_ya_Tano: Hujakutana na shemeji yangu. Kagonga nguzo na gari langu, akanipigia simu kunishtaki nguzo. "Ilijitokeza ghafla." Nguzo!

Mchovu_Daima: Shemeji yako kagonga mara moja. Mimi huyu namwona siku tano kwa wiki.

Gia_ya_Tano: Nani kasema mara moja?

Siti_ya_Mbele: Ngoja, nguzo ya umeme au ya simu?

Gia_ya_Tano: Ya umeme.

Siti_ya_Mbele: Basi shemeji ana kesi nzuri. Libet alishasema umeme huwa unatangulia.

Nusu_Mwerevu: Hakusema hivyo.

Mleta uzi: Jamani, nimejaribu kuiwasha tena. Imegoma kabisa. Na amerudi, anauliza kama nimetulia.

Gia_ya_Tano: Mkuu, hapa tunazungumzia nguzo. Mambo ya kompyuta si ufungue uzi wako?