Mrejesho: bodi ya Land Cruiser imetoka salama kwenye chasisi

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kuitenganisha bodi ya Land Cruiser FJ40 ya baba na chasisi yake hapa nyumbani Bukavu, bila winchi wala gereji. Nawashukuru kwa dhati: bodi imetoka, na haikupinda.

Ushauri uliofaa kuliko wote ulikuwa ule wa kuchomelea vyuma vya kukaza katika nafasi za milango kabla ya kunyanyua chochote, baada ya kulitoa kwanza tangi la mafuta, ambalo katika gari hili la mwaka 1974 liko chini ya kiti cha abiria. Sakafu iliyoliwa na kutu haiwezi kuubeba uzito wa bodi peke yake. Boliti zinazopita katikati ya raba zilizo kati ya bodi na chasisi zilikuwa zimegandamana. Tulizilowesha mafuta jioni kadhaa, na zilizokataa kabisa tukazikata kwa grenda, maana kuzilazimisha kungeng'oa bati la sakafu.

Tulifungua betri, mabomba ya breki na shafti ya usukani, kisha jeki zikapanda kwa zamu, kila kona kidogo kidogo, mbao nene zikifuata chini yake. Ndugu aliyesisitiza tukague tena nyaya alituokoa, kwani mmoja mwembamba, mweusi kwa grisi, ulikuwa bado umeiunganisha injini na ukuta wa mbele wa bodi.

Chasisi tumeipima kwa tepu kimshazari, kutoka kona hadi kona, na vipimo vyote viwili vinalingana, yaani haikupinda. Kutu ipo nyuma tu, karibu na vishikizo vya springi; fundi atakikata kipande hicho na kuchomelea kipya kabla ya rangi.