Mechi 121 tumefungwa na hakuna anayeshuka daraja! White Sox mnatuchezea

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira.

Ligi kuu ya besiboli Marekani ina mechi 162 kwa msimu. Timu yangu, Chicago White Sox, msimu huu wa 2024 imeshinda 41 na kufungwa 121. Tangu mwaka 1901 hakuna timu iliyopoteza mechi nyingi hivyo ndani ya msimu mmoja. Rekodi ya zamani ilikuwa 120, ya New York Mets mwaka 1962, na wale angalau walikuwa na cha kujitetea: timu ndiyo kwanza ilikuwa imezaliwa, wachezaji wameokotwaokotwa huku na kule. Sisi tupo kwenye ligi tangu hiyo 1901!

Mtu asiniletee habari za bahati mbaya. Mwaka 2021 tulishinda mechi 93, tukaongoza kundi letu. 2022 tukashinda 81. 2023, 61. Sasa 41. Bahati gani hiyo inayoshuka ngazi kwa mpangilio namna hiyo?

Tulianza kwa kushinda 3 na kufungwa 22. Bado nikawa navumilia. Kilichonivunja ni Mei 23, nyumbani dhidi ya Baltimore Orioles. Zamu ya tisa, ndiyo ya mwisho, tuko nyuma 8-6, tuna watu wawili kwenye vituo na aliyetolewa ni mmoja tu; wakitoka watatu zamu imekwisha. Mpira ukapigwa juu, ule mwepesi wa kudakwa karibu. Kwa sheria mpigaji anahesabiwa ametoka hata kabla haujadakwa. Andrew Vaughn, aliyekuwa anarudi kituoni kwake, akapishana na mdakaji njiani. Mdakaji akaudaka bila shida yoyote. Mwamuzi akasema Vaughn amemzuia, naye atoke. Watatu hao, mechi imekwisha, nendeni makwenu. Kwa asiyeijua besiboli: ni kama refa apulize kipenga cha mwisho kwa sababu straika wako amekanyaga kivuli cha beki. Nilikaa na rimoti mkononi mpaka chai ikapoa.

Halafu Julai. Kuanzia tarehe 10 hadi Agosti 5 tulipigwa mechi 21 mfululizo. Katikati ya mateso hayo, Julai 25, Dylan Cease akarusha mechi nzima bila wapinzani kupata pigo safi hata moja. Cease huyo alikuwa wetu! Walimuuza San Diego mwezi Machi, wiki chache kabla ya msimu kuanza. Mimi natazama timu yangu ikigalagazwa, simu inanitumia habari za jembe letu linalolimia shamba la jirani.

Agosti 6 tukawafunga Oakland 5-1, mkosi ukakatika, na siku mbili baadaye kocha Pedro Grifol akatimuliwa. Sawa, aliyeshinda 28 na kufungwa 89 hana cha kuomba. Lakini Grady Sizemore aliyeshikilia nafasi yake naye amemaliza na 13 kwa 32. Unabadilisha dereva, injini umeshaiuza.

Sasa tuje kwa mwenye mali. Jerry Reinsdorf anaiongoza timu hii tangu 1981, na Bulls wa kikapu ni wake pia. Kombe la 2005 alituletea, simnyimi, tulikuwa hatujalionja tangu 1917. Ila mwaka huu huu wa aibu ndio ameenda kwa wabunge wa jimbo kutafuta fedha za umma za uwanja mpya! Huu tunaoutumia ulifunguliwa 1991, nao ulijengwa kwa fedha za umma. Mgeni amekula, amevunja sahani, anauliza kesho tunapika nini.

Na hapa ndipo nyie wa Simba na Yanga hamtanielewa kirahisi. Huku hakuna kushuka daraja. Ukiwa wa mwisho Bongo, mwakani unakwenda Championship kucheza kwenye vumbi, na kila kiongozi analijua hilo kuanzia mzunguko wa kwanza. Huku ukifungwa 121 mwakani unaanza na sifuri kama wenzako, mgao wa televisheni unaingia kama kawaida. Wa mwisho hupozwa kwa nafasi nzuri ya kuchagua vijana wapya. Sisi hata hiyo hatuna! Kanuni inasema timu ya soko kubwa, yaani ya mji mkubwa kama wetu, haiingii kwenye bahati nasibu ya machaguo ya mwanzo miaka miwili mfululizo, nasi 2024 tulishaingia, kwa hiyo 2025 hatuwezi kuchagua kabla ya nafasi ya 10. Yaani tumefungwa bure.

Septemba 24 nilikwenda uwanjani na mzee mmoja wa kazini, White Sox damu, kofia yake nyeusi imepauka mpaka ya kijivu. Tulikuwa na vipigo 120, wanakuja Angels. Nitakiri: nusu ya watu tulikuja kuona rekodi ikivunjwa. Tuko nyuma 2-0, jukwaa zima linaimba "uza timu, uza timu". Zamu ya nane timu ikaamka, ikashinda 3-2. Jamaa wa kiti cha jirani alikasirika kweli, eti hata kufungwa hawajui kufungwa siku inayotakiwa! Wakawafunga Angels mechi zote tatu, halafu kile cha 121 wakaenda kukipokea Detroit, Septemba 27, usiku ambao Tigers walikuwa wanasherehekea kufuzu mtoano.

Mzee aliniambia ameshalipia tiketi za mwakani. Nikamuuliza kwa nini. Akarekebisha kofia, akaniuliza Jumamosi nina zamu saa ngapi.

Na asitokee wa kunishauri nihamie Cubs, timu nyingine ya Chicago. Mimi nakaa South Side, upande wa kusini wa mji, nyumbani kwa White Sox. Mods, msiupeleke uzi huu jukwaa la utani.