Tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi": lina nguvu gani iwapo kitu ni kibovu?

Mama Usa River

Ndugu wanajamvi, habari za majukumu. Naomba mwongozo kwa wenye kufahamu.

Ninaishi Usa River, na kila mwisho wa mwezi hupanda daladala hadi Arusha mjini kufanya manunuzi ya nyumbani katika supamaketi moja kubwa yenye matawi kadhaa. Jumamosi ya wiki iliyopita nilichukua birika la umeme ambalo kibandiko cha bei kwenye rafu kilionyesha shilingi 38,500. Nilipofika nyumbani na kupitia risiti huku nikipanga sukari na sabuni kabatini, nikakuta nimetozwa 42,000. Hilo ningelimeza, kwa kuwa sikutazama skrini ya keshia. Lakini Jumatatu alfajiri, kabla maji hayajachemka, birika lilianza kuvuja kwenye mshono wa chini, matone yakishukia moja kwa moja kwenye kile kitako chenye umeme. Nililichomoa kwa mkono unaotetemeka.

Jumatano niliomba ruhusa kazini nikalirudisha. Kijana wa dawati la huduma kwa wateja, ambaye kwa kweli alikuwa mpole, alininyooshea kidole tangazo lililobandikwa ukutani nyuma yake: bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala fedha hazirejeshwi. Nilipong'ang'ania, akasema angeweza kuniombea kwa meneja nipewe vocha, mradi nilete boksi lake. Boksi lenyewe mwanangu alishalikata akatengeneza gari.

Je, tangazo la namna hiyo linafunga kila kitu, hata kitu kilichouzwa kikiwa kibovu? Na ile tofauti ya 3,500, nina haki ya kuidai?

Mwanasheria wa Sakina

Pole sana, dada. Nianze na birika, maana hapo ndipo una nguvu.

Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora unaokubalika kwa matumizi yake ya kawaida, na sharti hilo limo ndani ya mauzo hata kama hakuna aliyelitamka. Birika linalovuja juu ya umeme halijatimiza sharti hilo. Ni kweli kwamba sheria hiyo inaruhusu pande mbili kukubaliana vinginevyo, na ndiyo maana maduka hupenda matangazo. Lakini makubaliano hufanyika kabla ya kulipa au wakati wa kulipa. Mwaka 1949 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kuwa hoteli haiwezi kujikinga kwa tangazo lililobandikwa chumbani, kwa sababu mgeni alikwisha kufunga mkataba mapokezi kabla hajaliona. Kwa kuwa sheria zetu za biashara zina mizizi hukohuko, mahakama zetu huzitazama hukumu za namna hiyo kama mwongozo. Kwa hiyo nakuuliza: tangazo hilo lilikuwepo pia kwenye kaunta ya malipo, au limeandikwa chini ya risiti? Kama liko kwenye dawati la malalamiko pekee, uliliona ukiwa umeshalipa siku nne nyuma.

Kuhusu bei, jibu halitakufurahisha sana. Kibandiko cha rafuni kisheria ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayetoa ombi la kununua anapofikisha kitu kwa keshia, na keshia ndiye anayelikubali. Jambo hilo liliamuliwa huko Uingereza mwaka 1953 katika kesi iliyolihusu duka la dawa la Boots. Ungeweza kukataa kulipa 42,000, nao wangeweza kukataa kukuuzia kwa 38,500. Hata hivyo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei, na malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani. Duka ambalo vibandiko vyake havilingani na mashine kila wiki haliwezi kuendelea kuita jambo hilo bahati mbaya.

Keshia Mstaafu, Moshi

Nilikaa kwenye mashine ya malipo miaka sita hapa Moshi, kwa hiyo naomba niseme jinsi mambo yanavyokwenda upande ule wa kaunta.

Bei hubadilishwa makao makuu na kuingia kwenye mashine za keshia usiku, lakini vibandiko vya rafuni vinabadilishwa na binadamu anayetembea na mkasi na gundi. Promosheni ikiisha Jumapili, vibandiko vyake unaweza kuvikuta hadi Jumatano. Mteja akilalamika kabla sijapokea fedha, nilimwita msimamizi, akaenda kuangalia rafu, na mara nyingi alikubali bei ya chini ili foleni isogee. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ikishatoka, keshia hana uwezo wa kuifuta, kwani mauzo na kodi yake vimeshaandikwa. Kurejesha fedha kunahitaji karatasi na sahihi za wakubwa, na hiyo ndiyo sababu utasikia neno vocha haraka sana. Yule kijana hakukunyima kwa ubaya, dada. Hana mamlaka. Siku nyingine omba meneja wa zamu, tena asubuhi ya siku ya katikati ya wiki, wala usiende mwisho wa mwezi.

Jambo jingine: piga picha ya risiti leo. Karatasi ile haichapwi kwa wino bali kwa joto, na ukiiacha juani, hufifia ikabaki nyeupe.

Mzee wa Kilombero

Mimi birika langu nililinunua dukani kwa Mangi karibu na soko la Kilombero. Liliposumbua alilijaribu kwa maji mbele yangu, akanipa lingine, hakuuliza boksi. Hakuna tangazo wala meneja. Sipingi supamaketi, bei zao za mafuta ya kula nazipenda, ila heshima hii ya kujuana hawana.

Mwanasheria wa Sakina

Mzee shikamoo. Kwa Mangi ni kweli, ila Mangi akikataa huna risiti ya kumwonyesha mtu.

Dada, nyongeza moja kuhusu vocha. Vocha ni deni ambalo duka linadaiwa na wewe, na maduka makubwa huondoka. Shoprite waliiacha Tanzania mwaka 2014, Uchumi wakafunga mwaka 2015, na Nakumatt, waliochukua lile duka la Shoprite kwenye jengo la maduka la TFA hapo Arusha, nao hawapo tena. Ukiipokea, itumie siku hiyohiyo. Na birika usilijaribu tena wala usikae nalo, kwa sababu mnunuzi akikaa na kitu muda mrefu bila kukikataa huhesabiwa amekipokea, na hapo hubaki na haki ya fidia tu.

Mama Usa River

Nawashukuru wote. Nimeigeuza risiti pande zote: haina neno lolote kuhusu kurudisha, na kwenye kaunta ya malipo kuna tangazo la mifuko tu. Leo nimekwenda, nikaomba meneja wa zamu, nikamwomba alijaze birika maji mwenyewe. Alilishika juu ya ndoo ya kudekia, akayatazama matone kwa muda, kisha akaniuliza kama nitakubali la aina nyingine la 45,000 bila kuongeza kitu. Nimekubali. Ile 3,500 sikuitaja, lakini kibandiko cha 38,500 bado kiko pale rafuni, nimekipiga picha.

Keshia Mstaafu, Moshi

Mrudie meneja huyohuyo na hiyo picha, kabla ya Jumapili.